Mwongozo kamili wa kutunga manga ya mapenzi ya ninja: Iga, 1579 hadi 1582

Ukimwambia mtu kwamba unachora manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, ya mapenzi ya ninja, kichwani mwake tayari pana mwezi mpevu, paa la vigae, mtu aliyejifunika nguo nyeusi gubigubi na msichana anayesubiri nyuma ya mlango wa karatasi. Mimi nami nilianzia hapo. Nilishatia wino kurasa 12 nilipogundua kwamba karibu kila nilichokichora hakikuwepo katika mwaka nilioutaja mwenyewe kwenye kisanduku cha kwanza. Mkanda wa kiunoni wa msichana ulikuwa wa karne ya baadaye, nywele zake vilevile, hata maua ya mti aliouegemea yalikuwa ya aina ambayo ilikuwa haijazalishwa. Kurasa zote 12 zikaenda kuwashia jiko.

Katika kurudia kazi niligundua jambo ambalo mwongozo huu wote umelijengea. Kazi ya shinobi, yaani ninja, na kazi ya mpenzi wa siri zinafanana mno: kuja usiku, kuacha alama, kuandika barua ambayo mtu wa tatu hataielewa, na zaidi ya yote kuaminiwa na mtu asiyejua wewe ni nani. Ukilishika hilo, huhitaji kuyabandika mapenzi juu ya hadithi ya vita. Yamo ndani ya kazi yenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mwaka, tena uandike ukutani

"Japani ya zamani" si mahali pa kuweka hadithi. Enzi ya mapigano ya mabwana wa vita, Sengoku, ilidumu zaidi ya miaka 100, na enzi ya Edo iliyofuata ikaenda hadi karne ya 19. Mavazi, chakula na silaha vilibadilika njiani. Mimi nakushauri uanze na Iga, jimbo dogo la bonde lililozungukwa na milima, ambalo leo ni sehemu ya mkoa wa Mie. Jirani yake wa kaskazini ni Koka, leo mkoa wa Shiga.

Iga inafaa kwa sababu mbili. Kwanza, haikuwa na bwana mmoja mkubwa. Familia za wapiganaji-wakulima, kila moja na boma lake dogo la kingo za udongo, ziliunda umoja na kujitungia sheria zilizoandikwa. Pili, historia yake ina umbo la hadithi tayari. Mwaka 1579 Oda Nobukatsu, mtoto wa Oda Nobunaga, bwana wa vita mwenye nguvu, aliivamia Iga bila ruhusa ya baba yake, akapigwa kwenye njia za milimani na kurudi kwa aibu. Baba akamwandikia barua ya kumkaripia. Miaka miwili baadaye, Septemba na Oktoba 1581, Nobunaga akaleta jeshi la makumi ya maelfu kutoka pande kadhaa kwa pamoja, na Iga ikachomwa. Kisha Juni 21, 1582, Nobunaga naye akafa katika hekalu la Honnoji mjini Kyoto, aliposalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide. Tokugawa Ieyasu, mshirika wa Nobunaga, alikuwa mji wa Sakai siku hizo na watu wachache tu, ikambidi akimbilie kwao Mikawa kwa kukatiza milima ya Iga, akisaidiwa na mtumishi wake Hattori Hanzo na watu wa Iga waliosalia.

Ushindi, maangamizi, kisha njia ya mlimani usiku. Miaka mitatu hiyo inamtosha mtunzi kwa juzuu tano. Sisi hapa tutaitumia kwa kisa kimoja cha kurasa 32.

Hatua ya 2: Mvue shinobi wako nguo nyeusi

Neno "ninja" ni usomaji wa baadaye wa maandishi yaleyale. Watu wa wakati huo walisema shinobi, au shinobi no mono, na majina mengine kadhaa kutegemea mkoa. Kwa Kiswahili tuna neno linalokaribia sana nalo halitumiki inavyostahili: mdukizi, yule anayesogea kusikiliza asichoambiwa. Kwenye vidokezo vya pembeni nalitumia hilo. Kwenye midomo ya wahusika naacha "shinobi".

Ile sare nyeusi imetoka zaidi jukwaani na kwenye michoro. Katika tamthilia za kabuki wapo wasaidizi wa jukwaani wanaovaa nyeusi, na mtazamaji hukubali kujifanya hawaoni. Mwaka 1817 mchoraji Hokusai alimchora mtu wa nguo nyeusi akipanda kamba, na picha ya namna hiyo imetawala hadi leo. Mdukizi halisi aliyekamatwa na nguo za namna hiyo angekuwa amejitangaza mwenyewe. Kitabu cha mafunzo cha mwaka 1681, Shoninki, kinataja sura saba za kujigeuza: mtawa mpiga filimbi, mtawa wa Kibuddha, mwana-ibada wa milimani aitwaye yamabushi, mfanyabiashara, mchezaji viini macho, mcheza ngoma za sarugaku, na ya saba, mtu wa kawaida tu. Hiyo ya saba ndiyo inayonisisimua. Mchore shinobi wako kama mtu ambaye msomaji atampita ukurasa wa 2 bila kumtazama, halafu ukurasa wa 10 ajilaumu.

Tahadhari moja hapa: mtawa mpiga filimbi mwenye kofia ya kikapu inayofunika uso mzima ni picha ya enzi ya Edo. Ukimweka Iga mwaka 1580 umekosea, hata kama anapendeza. Na anapendeza kweli, najua.

Vifaa navyo viwe vya kazi. Vitabu vya shinobi vinataja vitu sita vya safari: kofia ya ukili, kamba yenye kulabu, kalamu ya jiwe, dawa, kitambaa cha futi tatu hivi na mwanzi wa kutunzia moto. Hakuna nyota za chuma za kurusha humo. Kwa mchoraji wa mapenzi hiyo ni zawadi, kwa sababu kila kimoja kinaweza kubadilishana mikono. Kitambaa kinafunga jeraha, kinachuja maji, kinaachwa kwenye tawi kama alama. Dawa inamfanya mgeni akaribishwe ndani. Jaribu kufanya hivyo na nyota ya chuma.

Na wanawake? Neno kunoichi linapendwa sana, na asili yake ni mchezo wa maandishi: herufi ku, no na ichi zikiunganishwa zinajenga alama ya "mwanamke". Bansenshukai, mkusanyo mkubwa wa mbinu ulioandikwa mwaka 1676, unaeleza namna ya kumtumia mwanamke aliyeko ndani ya nyumba ya adui, pamoja na hila ya kumwingiza mwanamume akiwa amefichwa ndani ya sanduku analoliagiza huyo mwanamke. Ila jeshi la wasichana waruka paa halimo. Habari za Mochizuki Chiyome, anayesemekana kuendesha mtandao wa makuhani wa kike waliotembea nchi nzima wakimpelelezea bwana wa vita Takeda Shingen, zina ushahidi mwembamba mno. Unaweza kuzitumia kama uvumi unaosimuliwa na wahusika wako jikoni. Usizisimulie wewe kama historia.

Hatua ya 3: Tafuta kizuizi ndani ya sheria yao

Hapa ndipo penye nyama, na ndipo wengi wanapopita haraka. Kizuizi kilichozoeleka ni kwamba mmoja ni wa Iga na mwingine wa Koka, na koo zao ni mahasimu wa damu. Kinavutia, ila hakikuwepo. Sheria za umoja wa Iga zilizoandikwa katika karne ya 16 zinazungumzia kukutana na watu wa Koka mpakani kwa ushirikiano. Walikuwa majirani waliosaidiana.

Zisome sheria hizo kwa jicho la mtunzi wa mapenzi. Adui akiingia, kengele zigongwe kijiji hadi kijiji. Wanaume wa miaka 17 hadi 50 watoke na silaha na chakula chao. Mtu wa tabaka la chini akiteka ngome ya adui, apandishwe awe samurai. Na anayewaingiza watu wa nje dhidi ya nchi, adhabu yake kali. Hebu fikiria msichana aliyempokea mgeni nyumbani kwao usiku. Amepokea mpenzi, au amewaingiza watu wa nje? Jibu linategemea mgeni ni nani, naye huyo mgeni ndiye asiyeweza kusema.

Wahusika wangu ni hawa. Oito, miaka 19, binti wa mwenye boma dogo. Yashichi, mchuuzi wa chumvi anayepanda kutoka pwani ya Ise, kwa kuwa Iga haina bahari. Ise wakati huo iko mikononi mwa Nobukatsu, aliyeingizwa katika ukoo wa Kitabatake kwa kuasiliwa, na mwaka 1576 wakuu wa ukoo huo wakauawa. Yashichi alikuwa mtumishi wa Kitabatake. Sasa anamtumikia aliyewaua mabwana zake, na kazi yake ni kuhesabu njia na maboma. Oito anamgundua mapema kwa jambo dogo: mzigo wa chumvi haupungui unavyopaswa kupungua mzigo wa mtu anayeuza.

Mgeuko wa kisa unatoka kwenye historia yenyewe. Mwaka 1581 baadhi ya wenyeji wa Iga ndio walioliongoza jeshi la Oda. Kwa hiyo msomaji anakodoa macho kumtazama mgeni kurasa 20 nzima, kijiji kinamtazama yeye, Oito mwenyewe anamtazama yeye, kumbe anayefungua njia ni mtu wa nyumbani, labda mchumba wa Oito aliyechaguliwa na mshenga. Sikulazimika kubuni chochote. Nilikaa tu na tarehe hadi ziliponena.

Ukitaka kuona jinsi ndoa na siasa zilivyofungana wakati huo, tazama maisha ya watu waliokuwepo. Oichi, dada wa Nobunaga, aliozwa kwa Azai Nagamasa. Mumewe akageuka dhidi ya kaka yake mwaka 1570, na mwaka 1573 ngome yao ikaanguka. Aliolewa tena na Shibata Katsuie mwaka 1582, na mwaka uliofuata wakafa pamoja ngome ilipozingirwa. Tama, binti wa yule Akechi Mitsuhide, aliolewa na Hosokawa Tadaoki mwaka 1578. Baba yake alipomuua Nobunaga, mume akamficha milimani badala ya kumwacha. Usiwachukue hao kuwa wahusika wako wakuu, ila uwe nao akilini unapoandika mazungumzo ya posa.

Hatua ya 4: Jaza nyumba, mwili na usiku

Mavazi kwanza. Mwanamke wa mwaka 1580 anavaa kosode, vazi lenye matundu madogo ya mikono, na obi yake ni mkanda mwembamba. Lile obi pana lenye fundo kubwa mgongoni ni la Edo. Nywele ziko wazi, au zimefungwa nyuma kwa kamba tu. Mafundo makubwa yenye vichanio na vipini ni ya baadaye. Wanakijiji wanavaa katani zaidi, pamba ndiyo kwanza inaenea. Mwanamke aliyeolewa wa familia ya hadhi anapaka meno rangi nyeusi na kunyoa nyusi. Wachoraji wengi wanalikwepa hilo kwa kuona litamchukiza msomaji wa leo. Mimi nimelitumia: mama yake Oito anacheka mara moja tu katika kisa chote, na meno yake meusi ndiyo yanayomwambia Oito maana ya kuolewa. Usimweke geisha, hao ni wa karne ya 18.

Nyumba ya kijijini haina mikeka minene ya tatami chumba kizima. Kuna sakafu ya udongo, sakafu ya mbao, na jiko la shimo katikati, irori, moshi ukipanda hadi kwenye paa la nyasi. Wanalala juu ya mikeka na kujifunika nguo. Sakafu zile zinazolia kama ndege mtu akikanyaga ziko katika majumba ya wakubwa kama Nijo la Kyoto, karne ya 17, kwa hiyo usizilaze kwenye boma la mkulima. Chakula ni mtama, shayiri, mboga, na wali kwa uchache. Viazi vitamu bado havijafika, na sushi ya kufinyanga mkononi iko mbali kwa zaidi ya miaka 200. Bunduki zipo: zilifika mwaka 1543 na Wareno katika kisiwa cha Tanegashima, na watu wa milimani walizijua vizuri.

Maua ya cheri. Ile aina ya rangi ya waridi hafifu, inayofunika mti mzima kabla ya majani, ilizalishwa karne ya 19. Cheri ya milimani inatoa maua pamoja na majani machanga mekundu-kahawia. Ni kazi ya dakika tano zaidi kwa kila tawi, na msomaji anayejua atakuheshimu.

Sasa usiku, kwa kuwa nusu ya kisa chako kitatokea gizani. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wengine hawana. Kalenda ya Japani wakati huo ilikwenda kwa mwezi mwandamo, ikirekebishwa na mwezi wa ziada kila baada ya miaka michache. Tarehe mosi ni giza, tarehe 15 mwezi umejaa. Aliyekulia pwani akihesabu Ramadhani hahitaji kufundishwa. Basi ukiandika "tarehe 3 ya mwezi wa tatu" halafu ukachora mwezi mduara juu ya paa, umejichongea. Shinobi angechagua usiku wa giza. Mpenzi angependa mbalamwezi. Yashichi anapokuja tarehe 15, Oito anaelewa bila kuambiwa kwamba usiku huo hakuja kikazi.

Saa pia. Siku yao ilikatwa mara 12: sita toka alfajiri hadi machweo, sita toka machweo hadi alfajiri, kila kipande na mnyama wake. Alfajiri na machweo ndizo nguzo, kama ilivyo kwa saa zetu. Tofauti ni kwamba vipande vyao vilirefuka na kufupika kufuata majira. Usiku wa kiangazi saa zake ni fupi. Saa ya ng'ombe, inayopendwa kwa visa vya kutisha, inaangukia kati ya saa saba na saa tisa usiku kwetu. Bansenshukai unaeleza hata namna ya kukisia saa kwa kutazama mboni za paka. Weka paka.

Hatua ya 5: Wape midomo

Katika rasimu ya kwanza Yashichi alimwambia Oito "nakupenda" ukurasa wa 14. Nikaifuta. Neno la Kijapani ren'ai, linalotumika leo kwa mapenzi ya watu wawili, ni la enzi ya Meiji, karne ya 19. Watu wa 1580 walikuwa na koi, tamaa ya mtu unayemkosa zaidi kuliko furaha ya kuwa naye, na nasake, huruma inayogeuka mapenzi. Kiswahili kina mahali pa kuvitua: hamu, shauku, imani, huba. "Nimekuonea imani" ina uzito wa nasake kuliko "nakupenda" mara kumi.

Waungwana walibadilishana mashairi, waka ya mizani 31 katika mishororo ya 5, 7, 5, 7 na 7. Sisi tumezoea kuhesabu mizani, kwa hiyo usitafsiri, tunga. Hii ni ya Yashichi kwenye kipande cha karatasi ya kufungia chumvi:

Chumvi ya Ise
imeyeyuka kwenye
ukungu wako;
sijui kama nina
njia ya kurudia.

Baba wa Oito akiikuta, ni shairi la mapenzi. Mkuu wa Yashichi akiikuta, ni taarifa kwamba barabara ya kurudi imefungwa. Kila barua katika kisa chako ifanye kazi mbili namna hiyo. Shinobi walikuwa pia na mchele uliotiwa rangi tano, wakiudondosha njiani kuwa ujumbe kwa mpangilio wake. Kwangu, rangi tano hizo zimekuwa msamiati wa mapenzi: Oito anaokota punje, anajifunza, siku moja anajibu.

Majina: mtu hakuitwa ovyo kwa jina lake halisi. Hanzo lilikuwa jina la kawaida la Hattori. Jina lake rasmi ni Masanari. Wasichana wa kijijini walikuwa na majina mafupi, mara nyingi yakitanguliwa na "O" ya heshima. Majina yanayoishia -ko yalikuwa ya wanawake wa kasri. Yashichi akimwita "Ito" bila ile O, ukurasa mzima utetemeke.

Heshima kwa Kiswahili inahitaji mizani. "Shikamoo" midomoni mwa mtu wa Iga inanirudisha Kariakoo moja kwa moja, siitumii. Ila binti akiitwa na baba yake, aitike "Abee". Kijana aitike "Naam". Hizo zimepita bila kugongana na mandhari, na zinaeleza nani yuko chini ya nani kwa neno moja. Kwa mkubwa tumia "bwana wangu" badala ya kujaza viambishi vya heshima vya Kijapani, -sama na -dono, kila kiputo cha maneno.

Halafu sauti. Manga inaishi kwa sauti zilizochorwa, na Wajapani wana hata sauti ya ukimya, "shiin". Sisi tuna tanakali za sauti tele, wachoraji wetu wanazisahau na kuandika sauti za katuni za Kimarekani. Giza totoro. Kimya jii. Mtu anaanguka pu, anatumbukia majini chubwi, fito inavunjika kacha, mlinzi amelala fofofo. "Jii" ikichorwa kwa herufi nyembamba toka juu hadi chini ya kisanduku kitupu inafanya kazi ileile ya "shiin".

Hatua ya 6: Nemu, yaani kisa kizima kwa penseli mbovu

Wachoraji wa Japani huita rasimu ya visanduku na maneno "nemu". Ichore ndogo, vichwa viwe mayai, usijaribu kupendezesha. Kurasa 32 zigawe hivi, kwa kukadiria. Kurasa 1 hadi 4: kijiji, chumvi, mzigo, Yashichi aonekane mara mbili kwa mbali. Kurasa 5 hadi 10: Oito anahesabu. Hapa usiharakishe; mwache apime mzigo kwa macho siku tatu mfululizo, kisanduku kilekile kikirudiwa na tofauti ndogo. 11 hadi 16: mchele, barua, usiku wa tarehe 15. 17 na 18: anamwambia kwamba anajua. Kuanzia 19 hadi 26 kengele zinagongwa, kijiji kinamkamata mgeni, na ndani ya vurugu hiyo mchumba hayupo. Hakuna anayeuliza yuko wapi. 27 hadi 30: moto. 31 na 32: Juni 1582, njia ya mlimani, msafara wa watu waliochoka, na punje chache za mchele zenye rangi juu ya jiwe.

Jambo la siri liangukie mara baada ya kufunua karatasi. Katika kitabu kinachosomwa kushoto kwenda kulia, hilo ni ukurasa wa namba shufwa. Ndiyo maana kukiri kwa Oito kumekatwa katikati: mdomo unafunguka 17, neno liko 18.

Uelekeo wa kusoma nao uamue sasa, si baadaye. Manga ya Kijapani huenda kulia kwenda kushoto. Kiswahili chenyewe kiliandikwa hivyo karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo si ugeni kabisa. Hata hivyo, kwa herufi za Kilatini jicho la msomaji linagombana na ukurasa: maneno yanakwenda huku, visanduku kule. Mimi nachora kushoto kwenda kulia. Ukichagua kinyume, andika mwanzoni, na usije ukageuza kurasa kwa kioo baadaye, maana upanga utahamia upande usio wake na kosode itafungwa upande wa kulia juu, ambao ni wa maiti.

Hatua ya 7: Wino

Karatasi ya kitaalamu ya manga ni B4, milimita 257 kwa 364, na fremu ya ndani ya milimita 180 kwa 270. Ukiikosa, A4 inatosha. Nibu, yaani ncha ya kalamu ya kuchovya, ya G kwa mistari inayonenepa na kukonda, nibu ya mviringo kwa nywele na kope. Kwa kompyuta, programu ya Krita ni bure. Kwa simu, ibisPaint X inafanya kazi hata kwa kidole, ingawa shingo italalamika.

Usiku usiupake mweusi wote. Weka kwanza chanzo kimoja cha mwanga, irori au mwezi, na uache upande mmoja wa uso mweupe kabisa. Nyeusi tupu itunze kwa pale mtu anapopotea. Maua na nukta zinazoelea nyuma ya nyuso, desturi ya manga za wasichana, zina nafasi yake, ila hapa tumia vitu vya mahali: chembe za chumvi, makapi ya shayiri, moshi. Na mikono. Kisa cha watu wasioruhusiwa kutazamana kinasimuliwa na mikono. Nina daftari zima la mikono inayofunga vifundo, nililochora nikiwatazama wachuuzi wa kamba sokoni.

Usifuatishe mchoro wa mtu mwingine kwa karatasi ya kupitishia mwanga. Picha za mavazi na silaha kwenye tovuti za makumbusho zitakupa vya kutosha, na utajifunza jinsi kitambaa kinavyokunjika.

Usianze na ukurasa wa 1. Mkono bado haujawajua watu wako, na ukurasa wa kwanza ndio msomaji anaouhukumu zaidi. Anza na ule wa 17: nyuso mbili, moto mmoja, gunia la chumvi katikati yao ambalo halijapungua, na mdomo wa Oito unaofunguka.